Blanketi la viraka vya vitenge kwa mtoto: kazi iko kwenye beseni kabla ya cherehani

Mleta uzi, umesema una cherehani ya kukanyaga uliyoachiwa na mama, unajua mshono wa kunyooka tu, na unataka kumshonea mtoto wa dada yako anayetimiza miaka mitatu blanketi la viraka vya vitenge. Mshono wa kunyooka unatosha kabisa. Mimi nimeshona matatu, yote ya watoto wa ndugu zangu, na hakuna lililonishinda kwenye cherehani. La kwanza liliharibikia kwenye beseni.

Fundi anayenishonea alinipa mabaki mfuko mzima wa sandarusi, bure. Nikakata siku hiyohiyo kwa furaha. Blanketi likapendeza, likasafiri, likafuliwa mara moja, na kitenge kimoja chekundu kikachuja juu ya viraka vyote vyeupe. Siku hizi kila kipande nakifua kwanza, vyekundu na bluu iliyokolea peke yake, mpaka maji yatoke safi. Watakuja hapa wa kukuambia uloweke kwenye chumvi. Nimeloweka, na kikachuja vilevile. Kipime hivi: kikiwa bado kibichi, kiweke juu ya kitambaa cheupe ukipige pasi. Kikiacha doa, kitoe, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote. Kufua huko pia kunafanya kitambaa kirudi kabla hujapima, siyo baada ya kushona.

Halafu si kila kitenge ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu uzichome. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Hiyo ya kidonge weka pembeni, kwa sababu pasi ya moto wa pamba itaikunjanisha yote.

Vipimo vyangu: nakata boksi gumu mraba wa inchi 6, hilo ndilo linakuwa kipimo cha viraka vyote. Mshono unakula robo inchi kila upande, kiraka kinabaki inchi 5.5. Saba kwa tisa, jumla 63, unapata blanketi la inchi 38.5 kwa 49.5. Sikuchagua hesabu hiyo kwa kubahatisha. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, yaani inchi 59 kwa 43, kwa hiyo inakaa mgongoni bila kuunga, na ziada yake unaikunja kuja mbele ikawa pindo. Pima ya kwako lakini, na uipime ikiwa imeshafuliwa. Zinatofautiana.

Kupanga rangi ndiko kutamu, usikuharakishe. Tandaza viraka vyote sakafuni, piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utaona mara moja wapi giza limerundikana. Kitenge chenye maua makubwa ukikikata kidogo hupoteza ua, linabaki doa tu. Kwa mtoto tafuta picha inayoingia nzima ndani ya kiraka: ndege, feni, samaki, herufi. Ukiridhika, bandika karatasi yenye namba kwenye kila mstari. Mimi nilipuuza hilo, paka akapita.

Shona mstari mmoja mmoja, kisha unganisha mistari. Mshono wa mstari wa kwanza ulalie kulia unapopiga pasi, wa pili kushoto, hivyohivyo hadi mwisho. Ukiiunganisha, mishono inashikana yenyewe na kona zinakutana.

Katikati weka nini? Kwa joto la Dar usiweke kitu, viraka na kanga vinatosha. La pili lilikuwa la kwenda Njombe, na baridi ya kule mwezi wa saba mnaijua, kwa hiyo nilitia blanketi jepesi la mtumba nililolifua. Tabaka tatu zinataka sindano namba 16 na hatua ndefu ya mshono. Anzia katikati ukielekea kingoni, la sivyo kanga inajikunja chini na huoni mpaka ugeuze. Hesabu pini zinapoingia na zinapotoka. Na usiweke vifungo wala shanga, mtoto wa miaka mitatu atazing'oa azile. Kama kuna anayesoma hapa na mtoto wake hajatimiza mwaka, blanketi kama hili liwe la kuchezea sakafuni mkiwa mnamwona, asilale nalo.

Sasa kanga. Hiyo ya Njombe niliinunua kwa rangi yake, njano na kijani, jina sikulisoma. Nikaishona mgongoni, nikalipeleka kwa basi. Wifi yangu akalifungua mbele ya mama yake mzazi, akaligeuza, wakasoma wote wawili: HASIDI HANA SABABU. Siku mbili simu zangu hazikupokelewa. Kaka ndiye aliyenipigia, kwa sauti ya mtu aliyetumwa, kuniuliza nilikuwa namaanisha nini. Nilieleza, nikaapa, na nilivyozidi kuapa ndivyo nilivyozidi kusikika kama nina jambo.

Mwezi wa saba nikapanda mwenyewe na sindano yangu. Nikakaa jikoni kwa wifi, tukinywa chai kimya, nikashona kiraka kirefu cha samaki juu ya yale maandishi, kwa mkono, mishono midogomidogo ili kisibanduke. Alipoona nahangaika na uzi mwekundu akaniletea wa njano. Mtoto hulala na upande huo juu, eti ndio wenye samaki wakubwa.