Papiloma za koo la mtoto: jibu kwa mama wa binti wa miaka 4

Dada uliyeuliza jana kuhusu binti yako aliyekutwa na papiloma, yaani vinyama vilivyoota, kwenye kisanduku cha sauti, maswali yako matatu yaliwahi kuwa yangu: je, hiyo ni saratani, je, ni wewe uliyemwambukiza, na kwa nini vinyama vimerudi miezi miwili tu baada ya kuondolewa? Mimi si daktari. Ni mama wa mvulana wa miaka 9, tunaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na mwanangu ameingia chumba cha upasuaji mara 11 kwa ugonjwa huu huu.

Sauti yake ilianza kukwaruza kabla hajatimiza miaka 2. Hospitali ya kwanza ilituambia ni pumu, tukapewa dawa za kuvuta, tukazitumia zaidi ya mwaka mzima, na katika muda huo wote hakuna aliyelitazama koo lenyewe. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Pumu kwa kawaida husikika zaidi mtoto anapotoa pumzi, ilhali mwanangu alikoroma alipoivuta ndani, na kilio chake kilikuwa kimebaki mnong'ono. Siku daktari wa masikio, pua na koo alipompitishia kamera nyembamba puani, aliviona vinyama vimesongamana juu ya nyuzi za sauti kama vichwa vidogo vya koliflawa.

Vinyama hivyo huletwa na kirusi cha HPV, ambacho wengi wetu hapa Nairobi tunakijua kwa saratani ya mlango wa kizazi pekee. Aina zake zinapita 200. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo. Papiloma za koo huletwa na aina ya 6 na ya 11, zile zile zinazoleta chunjua za sehemu za siri. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hiyo si saratani, na kugeuka kuwa saratani ni nadra sana. Hata hivyo, usiruhusu mtu akuambie kwamba kwa kuwa si saratani basi ni jambo dogo, kwa maana njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba na kinyama kisicho na saratani kinaweza kuiziba.

Kuhusu lawama, nakuomba unisikilize vizuri. Inaaminika kwamba watoto wengi hukipata kirusi hiki wakati wa kuzaliwa, wanapopita njia ya uzazi, na ugonjwa huonekana zaidi kwa vifungua mimba wa akina mama wenye umri mdogo, kama nilivyokuwa mimi. Lakini watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, mwili ukakishinda bila wao kujua, na hata mama mwenye chunjua huzaa mtoto asiyeugua katika visa vilivyo vingi. Jirani aliyekuambia kwamba huu ni ushahidi wa uasherati amekukosea. Kuzaa kwa upasuaji nako si kinga kamili, ndiyo maana madaktari hawakupendekezi kwa sababu hiyo pekee.

Vimerudi kwa sababu kirusi hubaki kimelala ndani ya ngozi laini ya koo inayoonekana nzima. Daktari mpasuaji huondoa kinyama tu, kwa leza au kwa kifaa kinachonyoa huku kikinyonya, naye hathubutu kukata kwa kina, kwani kovu kwenye nyuzi za sauti halifutiki. Mwanzoni mwanangu alirudi kila wiki 6. Sasa hupita miezi 8. Muulize daktari wako kuhusu bevacizumab, dawa inayozuia mishipa ya damu inayolisha vinyama, ambayo hutumiwa kwa visa vinavyorudi mara kwa mara. Ukiambiwa atobolewe shingo ili apumue, uliza kwanza kama hakuna njia nyingine, kwa kuwa tundu hilo linaweza kufungulia papiloma njia ya kuteremka kwenye bomba la pumzi. Ila ikiwa hewa imekatika kweli, maisha kwanza.

Sikujua pia kwamba chanjo inahusika. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwezi wa Oktoba 2019, kwa chanjo iliyolenga aina 4, yaani 6, 11, 16 na 18. Australia, iliyoanza mwaka 2007, imeona papiloma za koo zikipungua sana kwa watoto wanaozaliwa, kwa kuwa mama zao walichanjwa wakiwa wasichana. Binti ya dada yangu amekwisha kuchanjwa, na nilimsindikiza mimi mwenyewe.

Kwa sasa, msikilize binti yako akiwa amelala. Ukiona ngozi ya chini ya koo au kati ya mbavu inadidimia kila anapovuta pumzi, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mpeleke usiku huo huo, na umwambie daktari wa zamu neno papiloma kabla hajataja pumu.