Gobole lenye bolti na baruti ya kisasa

Hapana, usijaribu. Umeuliza kama gobole lako linaweza kutumia baruti isiyotoa moshi kwa kuwa lina bolti, yaani kile kifungio cha nyuma ya mtutu kinachovutwa kwa mkono, kama raifali. Bolti si hoja. Hoja ni shinikizo ambalo mtutu umeundwa kulihimili. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na salfa. Ile ya kisasa, isiyotoa moshi, ni nitroselulosi, na ukiijaza kwa kipimo kilekile shinikizo hupanda kupita kiasi, mtutu ukapasuka karibu kabisa na uso wako. Gobole la Marekani liitwalo Savage 10ML liliruhusu baruti hiyo, ila hilo liliundwa hivyo tangu kiwandani. Soma maandishi kwenye mtutu: yakitaja baruti nyeusi au mbadala wake tu, basi ni hivyo. Na kama unafikiria kugeuza raifali iwe gobole nyumbani, mwachie fundi bunduki mwenye leseni.