Hujala? Sindano ya insulini usiiache

Ukiwa na kisukari aina ya kwanza halafu ukaumwa, nyumbani hukosi mtu wa kukuambia: "Leo hujala kitu, sindano iache, sukari itashuka." Mimi huambiwa hivyo na shangazi yangu, ambaye naye ana kisukari, cha aina ya pili. Ananitakia mema, na hofu yake ya sukari kushuka ina msingi. Ila anaihesabu insulini kuwa dawa ya chakula tu.

Kazi yake nyingine, ambayo kliniki haizungumzwi sana, ni kuzuia mafuta yasimiminike kwenye damu. Seli za mafuta huhifadhi trigliseridi, yaani asidi tatu za mafuta zilizoshikana na gliseroli. Vimeng'enya viitwavyo lipasi huzitenganisha, kisha asidi hizo hubebwa na albumini, protini ya damu, kwenda kwenye misuli, moyo na ini. Insulini ndiyo mlinzi wa ghala hilo: akiwa zamu, mzigo hutoka kwa kipimo, akiondoka, milango yote i wazi.

Kinachonishangaza mpaka leo ni jinsi kazi hii isivyohitaji insulini nyingi. Kiasi kisichotosha hata kuisaidia misuli kuchukua sukari ipasavyo kinaweza kupunguza sana utokaji wa mafuta. Mtu mwenye kongosho zima, kiungo kinachotengeneza insulini, akifunga Ramadhani, insulini yake hushuka, mafuta hutoka, naye huyatumia mpaka magharibi bila tatizo. Imeshuka tu, haijaisha. Shangazi naye, kongosho lake bado linatoa kidogo, na kwa kawaida hicho kidogo humkinga. Ndiyo sababu ushauri anaonipa haujamdhuru yeye. Mimi nikiacha sindano, sibaki na kitu.

Hapo asidi za mafuta huvamia ini, nalo huzigeuza kuwa ketoni. Ketoni chache ni chakula kizuri cha ubongo mtu anapokaa na njaa. Zikizidi, damu inakuwa na tindikali. Homa huongeza balaa, kwa kuwa homoni za adrenalini na kotisoli zinazopanda wakati wa ugonjwa huzidi kuyasukuma mafuta nje na kuipinga insulini. Kwa hiyo siku ya kuumwa unaweza kuhitaji insulini nyingi kuliko siku ya afya, hata kama umeambulia uji vijiko viwili.

Januari 1922, kule Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, alichomwa insulini iliyokamuliwa kwenye kongosho la mnyama. Dondoo la kwanza halikumfaa sana. Siku chache baadaye akapewa lililosafishwa vizuri zaidi. Sukari yake ikashuka na ketoni zikatoweka kwenye mkojo. Watu hukumbuka ile sukari. Mimi naona hizo ketoni zina uzito uleule.

Kwa vijana wenzangu mnaoruka dozi ili mpungue: ni kweli mtapungua. Mafuta yanatoka bila breki, misuli nayo inaliwa, na sukari inapotelea kwenye mkojo. Wengi wetu tulikonda hivyohivyo kabla ya kugundulika, na hakuna aliyekuwa mzima.

Ninachoshauri ni hiki. Ukiwa mzima, mwombe daktari wako akuandikie mpango wa siku za ugonjwa: insulini ya muda mrefu uendelee nayo vipi, ya muda mfupi uiongeze au uipunguze lini. Usibuni dozi mwenyewe huku unatapika. Weka vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo, kunywa maji mara kwa mara, pima sukari kila baada ya saa chache, usiku pia. Sukari ikiwa chini, tafuta kitu chenye sukari unywe na upige simu kliniki. Hiyo siyo ruhusa ya kuacha insulini yote.

Kutapika kusikokoma, tumbo kuuma, kupumua kwa kina na kwa haraka, pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au kuzubaa: nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwetu dalili hizi huchukuliwa upesi kuwa malaria. Kipimo cha malaria kifanyike, sawa, lakini ukifika mapokezi anza na hili: "Nina kisukari aina ya kwanza, naomba mnipime sukari na ketoni sasa hivi." Anayekusindikiza naye alijue, maana huenda wewe ukashindwa kulisema.