Kilomita za Ramani Si Saa za Safari

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, Heathrow ya London mpaka JFK ya New York ni kama kilomita 5,540, na ndege inakwenda 900 kwa saa. Si saa 6 na dakika chache tu?" Moyo ulinipasuka. Hesabu hiyo hiyo niliwahi kuipiga mimi, ikaninyima kazi.

Ilikuwa Machi. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili Chicago, kazi niliyoiota kwa miaka. Nikaanza kununua tiketi ya New York kwenda Chicago, ya saa nane na nusu mchana, kwa kuwa ilikuwa bei ya chini. Baadaye nikakata ya kuvuka Atlantiki, inayotoka London saa tano asubuhi. Nikagawanya kilomita kwa kasi, nikatoa saa 5 za tofauti ya majira: nitafika saa sita na dakika kumi! Saa ya kufika ilikuwa imeandikwa kwenye tiketi. Sikuitazama.

Tulifika saa nane na dakika thelathini na tano. Ndege ya pili ilikuwa imeshaondoka, na mbele yangu bado kulikuwa na foleni ya uhamiaji na mizigo ya kuchukua. Mhudumu wa kaunta akaniambia tiketi zangu hazihusiani, kwa hiyo hawana la kunisaidia. Sauti ile bado inanichoma. Nililala kwenye viti, asubuhi nikanunua tiketi nyingine, nikafika Chicago usaili umekwisha.

Sikilizeni, ninyi mnaotaka kwenda mbali kama nilivyotaka mimi. Juu ya Atlantiki Kaskazini upepo wa juu huvuma kutoka magharibi, na wakati mwingine hupita kilomita 200 kwa saa. Ukienda New York unaukabili. Ukirudi London unakusukuma. Februari 2020 ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikisukumwa na dhoruba. Kwenda, tiketi husema karibu saa 8. Kurudi, karibu 7. Muda huo unahesabu pia kutambaa uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua. Ramani haiyajui hayo. Soma tiketi! Narudia: soma tiketi, saa ya kufika, si ya kuondoka peke yake.

Na majira. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Katikati hapo tofauti ni saa 4, si 5. Hapo ndipo saa yangu moja ilipopotelea.

Mdogo wangu uliyeniandikia, umeniambia pia unasafiri tarehe 20 Machi. Kata safari yote kwa tiketi moja. Kama umeshalipia kipande cha kwanza, nitumie saa zake kabla hujalipia cha pili.