Kabla ya Kubadilisha Kadi ya Grafiki, Jua Kwanza Kinachokwamisha Kompyuta Yako

Wanaoanza kucheza gemu kwenye kompyuta huniuliza swali moja: ninunue kadi gani? Mimi nami huwauliza yangu. Gemu ipi inakusumbua? Skrini yako ni ya aina gani? Na ukiwa katikati ya mchezo, kadi uliyonayo inafanya kazi kwa asilimia ngapi? Maswali mawili ya kwanza hujibiwa haraka. La tatu wengi hawalijui, na hilo ndilo linaloamua kama pesa yako itakuletea kitu au itapotea bure.

Basi tuanze nalo. Pakua programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayoambatana nayo. Ni za bure, na hazichagui kadi ya kampuni gani. Ziweke zikuonyeshe pembeni mwa skrini: fremu (yaani picha) kwa sekunde, asilimia ya kazi ya kadi, joto lake, memori yake iliyotumika, na kazi ya kila kiini cha prosesa, kimoja kimoja. Zima kwanza V-Sync (inayofungia fremu kwenye kasi ya skrini) na kikomo chochote cha fremu, maana hivyo hushusha asilimia ya kadi vikakupa picha ya uongo. Kisha nenda mahali pazito kwenye gemu: mjini penye watu wengi, au vitani penye moshi na milipuko. Usipimie kwenye menyu wala chumba kitupu.

Ukiona kadi iko asilimia 97 hadi 99 muda wote, yenyewe ndiyo iliyoelemewa, na kadi yenye nguvu zaidi itasaidia kweli. Ukiona iko asilimia 60 na bado gemu inasuasua, shida mara nyingi iko kwenye prosesa. Hapa watu wengi hudanganyika, kwa sababu prosesa kwa ujumla inaweza kuonyesha asilimia 40 tu ilhali kiini kimoja kimejaa kabisa na gemu nzima inakisubiri. Ndiyo maana nimesema tazama kiini kimoja kimoja.

Kama bado una shaka, shusha resolusheni, yaani wingi wa nukta za picha, kutoka 1080p hadi 720p na usiguse kitu kingine. Fremu zikipanda kutoka 45 hadi 70, kadi ndiyo iliyokuwa inakwama. Zikibaki palepale 45, kadi mpya itakupa hizohizo 45, hata ikiwa ya bei kubwa kuliko zote dukani. Jaribio hili halikugharimu chochote, na ninalithamini kuliko ushauri wowote wa kusoma.

Ikiwa ni prosesa, angalia RAM kabla ya yote. Kompyuta yenye kijiti kimoja cha RAM hupoteza fremu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Viwili vinavyofanana hufungua njia mbili za data. Ingia pia BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, uone kama XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) imewashwa, kwa sababu bila hiyo RAM nyingi hukimbia chini ya kasi uliyolipia. Wenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) za AM4, tundu la prosesa za AMD, wana bahati zaidi: nyingi za tangu 2017 hupokea prosesa ya Ryzen 5 5600 baada ya kusasisha BIOS. Hakikisha tu kwenye orodha ya mtengenezaji wa madabodi yako kabla ya kulipa.

Ikiwa ni kadi, bado usikimbilie dukani. Tazama joto. Kadi nyingi za Nvidia huanza kujipunguzia kasi zikifika karibu nyuzi 83, na kadi ya miaka mitano ambayo haijawahi kupulizwa vumbi hufika hapo upesi. Safisha feni, badilisha ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na chuma chake, kisha pima upya. Halafu shusha vivuli, ukungu na miakisi. Hivi vitatu hula nguvu nyingi kuliko jicho linavyovifaidi. Gemu ikiwa na FSR, inayochora picha ndogo kisha kuikuza ili kuongeza fremu, iwashe: matoleo yake ya kabla ya FSR 4 yanafanya kazi hata kwenye GTX 1060, tofauti na DLSS ya Nvidia inayodai kadi ya RTX.

Kuna tatizo moja ambalo kushusha vivuli hakulitibu, nalo ni memori ya kadi kujaa. Dalili yake ni wastani mzuri wa fremu, lakini kila ukigeuka picha inakwama kidogo, au picha za kuta zinabaki hafifu kwa muda. Shusha ubora wa tekscha, zile picha zinazofunika kuta na vitu. Ukikuta huwezi tena kuvumilia tekscha za chini, hapo una sababu halali ya kutafuta kadi yenye memori zaidi.

Sasa, ruka kiasi gani? Msimamo wangu ni kwamba ongezeko lisilofika nusu ya fremu ulizonazo halistahili pesa ya mtu mwenye bajeti ndogo. Kutoka 50 hadi 58 utakuona kwenye namba, lakini mkononi hutakuhisi. Kutoka GTX 1060 kwenda RX 6600 ya AMD ni karibu mara mbili, na hiyo ni hatua. Kutoka RTX 3060 ya GB 12 kwenda RTX 4060 ni kasi kidogo tu, tena memori inashuka hadi GB 8. Nisingemshauri mtu afanye hivyo kwa sababu tu namba ni mpya. Na kumbuka skrini: ya Hz 60 haikuonyeshi zaidi ya picha 60 kwa sekunde, hata kadi itoe 140.

Majina nayo yana mitego. GTX 1060 ya GB 3 haipungukiwi memori tu, hata viini vyake ni 1,152 badala ya 1,280 vya ile ya GB 6. RX 6500 XT ina GB 4 na hutumia njia nne tu za PCIe (tundu la kuchomekea kadi), kwa hiyo kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inapungua nguvu waziwazi. Na hao ndio wanaoinunua zaidi, wenye mashine za zamani. Inaniuma kila nikiliona hilo.

Umeme usiuache mwisho. Nafasi ya PCIe hutoa wati 75, waya wa pini 6 huongeza 75, wa pini 8 huongeza 150. RTX 4060 inahitaji wati 115, RX 6600 wati 132, RTX 3060 wati 170. Kompyuta nyingi za ofisi hazina waya wa pini 6 wala 8 kabisa. Hizo zinafaa GTX 1650 isiyo na tundu la umeme. Pima pia kwa futi urefu wa nafasi ndani ya kasha.

Wakati mwingine uamuzi hauhusu kasi. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 haifunguki kwenye kadi isiyo na vifaa vya ray tracing (kukokotoa njia za mwanga), na gemu za namna hiyo zinaongezeka. Kama ndizo unazozitaka, GTX yako, isiyo na vifaa hivyo, imefika mwisho. Kama unacheza Counter-Strike 2 na Valorant tu, tulia nayo.

Ukienda kwenye kadi iliyotumika, usiogope neno uchimbaji (kadi kutumika kuzalisha sarafu za kidijitali) peke yake. Tangu Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iache kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, nyingi zimeuzwa, na zilizotunzwa ni nzima. Kagua kwa mkono: skrubu zenye vichwa vilivyolika, rangi ya ubao iliyobadilika, feni inayoyumba ukiizungusha kwa kidole, harufu ya kuungua. Fungua programu ya GPU-Z uone jina na memori, kwa kuwa zipo kadi bandia zilizoandikwa GTX 1050 Ti ilhali ndani ni GTS 450. Endesha FurMark, programu ya kuikamua kadi, kwa robo saa, kisha gemu halisi. Vidoti au vipande vya rangi vikitokea hata mara moja, irudishe mezani. Muuzaji asiyekubali ujaribu mbele yake, muage kwa heshima uondoke. Ukifika nayo nyumbani, futa draiva za zamani kwa programu ya DDU kabla ya kuweka mpya, hasa ukihama kutoka Nvidia kwenda AMD au kinyume chake.