Nameza dawa ya thairoidi lakini uchovu uko palepale

SWALI: Shikamoo dokta. Mi mama wa watoto wawili, niko Tanga. Tangu nijifungue mwaka jana mwili mzito, usingizi hauishi, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana na joto lote hili la huku mi najifunika blanketi. Kwanza nikaambiwa damu imepungua, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Mwezi uliopita nikapimwa TSH, kipimo cha damu cha thairoidi, ikaja 14, nikaandikiwa dawa yake, levothairoksini, namezea chai ya maziwa asubuhi pamoja na vile vya damu ili nisisahau. Mbona sioni tofauti? Mama mkwe anasema niache, nitaizoea.

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Usiache dawa. Nashukuru umepimwa, maana wengi wenye dalili kama zako wanaambiwa ni uzazi tu au uvivu, wengine wanaishia kwenye chai za kupunguza mwili wakati shida iko kwenye tezi ya shingo, ndo hiyo thairoidi. Kusikia baridi Tanga mjini, sio Lushoto kule milimani, hiyo peke yake ilitosha kumshtua mtu.

TSH ni homoni inayotoka chini ya ubongo kuihimiza tezi, tezi ikizembea nayo inazidi kupanda. Kawaida kwa mtu mzima ni kama 0.4 hadi 4, kwa hiyo 14 iko juu kweli.

Tatizo naliona hapo kwenye chai. Madini ya chuma ya vidonge vya damu yanaishika dawa tumboni haiingii mwilini vizuri, na kalsiamu ya maziwa nayo hivyohivyo. Ukiamka meza levothairoksini peke yake kwa maji matupu, subiri nusu saa mpaka saa nzima ndo unywe chai, vile vya damu visogeze mchana au usiku, yapite angalau masaa manne. Halafu rudia TSH baada ya wiki 6 mpaka 8 za kumeza hivyo, daktari ndo aamue dozi. Usijipandishie mwenyewe, ikizidi moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka.

Mama mkwe mweleweshe taratibu kwamba hii ni homoni ileile ambayo tezi yako ingetoa, haimfanyi mtu kuwa teja, na kunyonyesha unaendelea. Kwa vile ilianza baada ya uzazi kuna wanaorudi sawa na kuna wanaomeza maisha, hilo daktari wako atalifuatilia. Ila ukishika mimba nyingine wahi kliniki siku za mwanzo kabisa, dozi mara nyingi inabidi ipande kwa sababu miezi ya kwanza mtoto anategemea homoni yako kujenga ubongo wake.

SWALI: Nina rovu dogo, nikizidisha chumvi yenye madini joto litaisha?

JIBU: Hapana, usizidishe. Kama chumvi ya nyumbani tayari ina madini joto inatosha, yakizidi yanaweza hata kuivuruga tezi. Mwenye rovu tezi yake inaweza kuwa sawa, imelegea au inafanya kazi kupita kiasi, kwa macho hujui, kapime TSH. Na likikua haraka au ukaanza kukwama kumeza, au sauti ikakwaruza bila mafua, nenda wiki hiihii.