Kwa Neema, kuhusu ile fimbo

Mwanangu Neema,

Meseji yako niliisoma jana usiku, nikaona nisijibu kwa haraka. Umeuliza: "Mama, unasema hujapata shambulio tangu mwaka juzi, mbona sasa unatembelea fimbo?" Una haki ya kuuliza. Nilikuficha mengi, unisamehe.

Marehemu baba yako alikuwa fundi umeme, kwa hiyo waya uliochunika unaujua. Mishipa ya fahamu nayo ina ganda lake, na katika maltipo sklerosisi kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inayolila. Shambulio ni kama ile mara jicho la kulia lilipoingia ukungu, likawa linauma kila nikilizungusha. Nilitundikiwa dripu siku tatu, na baada ya wiki kadhaa nuru ikarudi. Dripu ile huharakisha kupona tu, haizuii ugonjwa.

Lakini ugonjwa huu una njia nyingine, ya kimyakimya. Waya uliokaa miaka bila ganda huchakaa na kufa polepole, hata pasipo shambulio jipya. Ndicho kilichonipata mguuni. Siwezi kukutajia siku ilipoanza. Niliona tu kandambili ya kushoto inabaki nyuma njiani, nami nimeshapiga hatua mbili sina habari. Mwaka jana nilifika kituo cha daladala bila kupumzika. Sasa nakaa kwanza pale gengeni. Madaktari wana kipimo chao cha 0 hadi 10, na anayehitaji fimbo kutembea mita 100 huwekwa kwenye 6. Nipo hapo, mwanangu.

Joto la Februari ni jambo jingine. Dar ikifukuta, jicho hufifia na miguu huwa mizito kama chuma. Nikioga maji ya baridi na kukaa mbele ya feni, hali hurejea. Hilo si shambulio. Dalili mpya ikipita saa 24, wala sina homa, hapo nitamwita daktari, na wewe nitakupigia siku hiyohiyo.

Dawa za kuzuia mashambulio siachi, kwa sababu kila shambulio huweza kuacha kilema chake.

Kuacha kazi Mwanza uje kuniuguza, hapana, sikubali. Ukija Pasaka, nifungie chuma cha kushikia msalani, na zile ngazi mbili za barazani tuzifanye mteremko. Saruji nimeshanunua.

Mama yako